Kitalu cha Juu Kabisa

“Kwa hiyo mimi ni mzigo.”

“Sijasema mzigo, mama. Nimesema goti.”

“Goti ni la nani? La jirani?”

“Ni la kwako, na daktari amelipiga picha. Nimeiona kwa macho yangu. Mfupa unasaga mfupa.”

“Daktari gani yule, hata ndevu hajaota.”

“Ndevu za nini? Alikuwa anapima goti.”

Ugomvi huo ulianza nyumbani kabla ya chai, ukapanda teksi pamoja nao, dereva akausikiliza njia nzima bure, na sasa ulikuwa umefika kwenye geti la bustani. Ilibidi uishie hapo. Ndani ya bustani ile watu hawagombani. Si kwamba ni watakatifu. Siku za mwanzo waligombea maji mpaka wakarushiana madumu, na kwa kuwa bustani iko kilimani, na upepo wa baharini huchukua kila neno na kulipeleka kwa asiyehusika, kila tusi lilimfikia kila mtu. Wakakaa kikao, wakakubaliana kwamba mwenye ugomvi aumalizie nje ya geti. Tangu hapo mle ndani mmekuwa kimya kiasi kwamba mgeni akifika mara ya kwanza huuliza kama ni makaburini.

Waliokuwa wakigombana ni mama na bintiye. Binti alikuwa fundi wa friji, si hizi za kuwekea maziwa na maji ya kunywa, bali vile vyumba baridi vya viwanda vya samaki, ambamo mtu huingia amevaa koti zito na mlango ukafungwa nyuma yake. Kazi hiyo aliisomea chuoni, diploma anayo, na watu wote humwita Fundi, mumewe akiwemo, hata siku akiwa amemnunia. Mama yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Mwanamke aliyelisha watoto wenye njaa muhula baada ya muhula hana sauti ndogo, na kukubali jambo kwake huchukua muda. Pale bustanini walimwita Bibi Juu.

Jina hilo alilitolea jasho. Kilima kimekatwa ngazi pana, moja juu ya nyingine, kuanzia barabarani mpaka kileleni, na kila ngazi ni kitalu cha mtu mmoja. Anayejiunga huanzia kitalu cha chini kabisa, kando ya barabara. Mtu wa juu akiondoka, kila mmoja anapanda hatua moja, anahama na majembe yake, na kitalu cha chini kinabaki wazi kwa mgeni mwingine. Utaratibu huo uliwekwa zamani, wakati tangi liko kileleni na kila mtu anabeba maji kwa ndoo. Mama alianzia barabarani akiwa bado kazini, akapanda kitalu kwa kitalu, wenzake wakihama mji na wengine wakifariki, mpaka akafika juu kabisa. Wastaafu wengine hutundika cheti ukutani. Yeye alikuwa na kitalu.

Halafu akaanguka. Aliteleza kwenye vidato vya mawe vinavyopita kati ya vitalu, akakaa pale goti limevimba, akampigia simu bintiye. Bintiye alikuwa ndani ya chumba baridi, ambamo simu haishiki. Alipotoka alikuta mama amepiga, amepiga, amepiga tena, kisha ameacha. Fundi hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda kumchukua, akampeleka hospitali, akamhamishia nyumbani kwake, na alipokuwa anamtandikia kitanda alikwisha kuamua kwamba habari za bustani basi.

“Jana ulikubali,” alisema sasa, pale getini.

“Jana nilitaka unyamaze nisikilize taarifa ya habari.”

“Mwenyekiti anataka jibu leo. Unabaki au unatoka. Kuna watu wanasubiri nafasi.”

“Ndicho ninachokwambia! Nikitoka watakirukia kama fisi. Hujui wewe wanavyokitamani kile kitalu. Mimi nikiwasalimu naangalia chini, nisije nikawaumiza roho.”

Upande wa pili wa uzio, kijana muuza magodoro alikuwa akifunga miche ya nyanya kwenye vijiti huku akijitahidi kuonekana kiziwi. Yeye ndiye aliyejiunga mwisho, kwa hiyo kitalu cha barabarani kilikuwa chake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umesikia kuanzia wapi?”

“Kuanzia kwenye goti.”

“Basi hujapitwa na kitu,” alisema Fundi. “Tunakwenda kumpa mwenyekiti jibu, na jibu ni kwamba anatoka.”

“Jibu nitalitoa mimi, kwa mdomo wangu,” alisema mama, “na nitalitolea kitaluni kwangu.” Akasukuma geti, akaingia. Ugomvi ukabaki nje, angalau ule wa kusikika.

Alipanda ubavu ubavu, fimbo mkononi, mguu mzima mbele, mbovu nyuma, na kwenye kila kitalu alisimama akijifanya anakagua mboga za watu. Fundi alimfuata nyuma, mikono imetangulia kidogo, kama anavyowafuata vibarua wanaopandisha mashine ghorofani, watu asiowaamini. Kila waliposimama, mwenye kitalu alimsalimia mama kwa heshima zote, kisha akamvuta Fundi pembeni.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, amevaa kofia ya majani. “Usituondolee mama yetu,” alinong’ona. “Kitalu chake nimekitunza mimi mwenyewe. Hakijakauka hata siku moja.”

Juu yake, mama wa saluni alifuta mikono kwenye aproni. “Mwambie asiwe na wasiwasi. Nakipitia kila jioni, nakimwagia maji. Lakini usimwambie mtu, watasema najipendekeza.”

Juu yake tena, mzee mshona viatu, ambaye sauti yake ni ndogo hata nje ya bustani. “Mimi ndiye namwagilia,” alisema. “Sipendi sifa.”

Fundi alianza kwa kuona aibu. Yeye aliona kilima, vidato na hatari, kumbe watu baki walikuwa wanamtunzia mama yake mboga. Lakini aibu hiyo haikufika mbali. Katika kazi yake, watu watatu wakikwambia kila mmoja kwamba ni yeye peke yake aliyegusa swichi, ujue mashine imekwisha kuungua.

Walifika juu. Bahari ilionekana yote, bapa, rangi ya bati, na upepo ulikuwa mkali kiasi cha kumfanya mtu ashike kichwa. Mama hakuitazama bahari. Alikuwa anatazama kitalu chake.

Nyanya zilikuwa zimegeuka njano kutoka chini kwenda juu. Mabiringanya yalikuwa yamelala ubavu kama wagonjwa. Fundi alishika mche mmoja wa spinachi ukang’oka wenyewe mkononi mwake, mizizi yake myeusi, inanuka kama mtaro. Mama alichomeka fimbo ardhini na fimbo ikazama bila kuuliza. Chura alitoka chini ya jani, akawaangalia, akarudi.

“Nani amefungua bomba akalisahau?” aliuliza mama.

Mwenyekiti alikuwa anakuja, amevaa buti za mpira. Alikuwa karani wa bandari kabla ya kustaafu, na mpaka leo hutembea kama mtu aliyebeba faili. “Karibu mama, pole na mguu,” alisema. “Kama unavyojua, utaratibu wetu ni kwamba kitalu kikikauka kwa muda mrefu kinatangazwa kuwa wazi. Nafurahi kusema chako hakijakauka.”

“Hakijakauka?” alisema Fundi. “Kina chura!”

Aliisahau sauti, na sauti ikashuka kilimani. Wenye vitalu wakaanza kupanda mmoja mmoja, taratibu, kila mmoja akijifanya amekuja kwa shughuli nyingine. Walipokiona kitalu wakasimama.

“Mimi nilimwagia asubuhi tu,” alisema mwalimu.

“Mimi jioni tu,” alisema mama wa saluni.

“Mimi mchana,” alisema mshona viatu. “Nilikiona kama kimesinyaa.”

“Kilikuwa kinazama, mzee wangu,” alisema Fundi.

Mwenyekiti alitazama buti zake. “Na mimi alfajiri,” alisema. “Kidogo.”

Hakuna aliyecheka. Mama aliwaangalia wote, mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukalegea. “Jamani,” alisema. “Mmenipenda kiasi hiki?”

Hapo mtu mwenye akili zake angenyamaza. Lakini mwalimu wa hesabu amezoea kueleza jambo mpaka mwisho.

“Tunakupenda sana, mama. Na isitoshe, mimi nimetia samadi juzi juzi tu, gari zima. Sasa ukitoka wewe, mzee apande kwako, mama wa saluni apande kwa mzee, mimi nipande kwa mama wa saluni, na samadi yangu nimwachie muuza magodoro! Hesabu hiyo hainiingii.”

“Hata mimi,” alisema mama wa saluni, akiwa ameshaona hakuna cha kuficha tena, “mapapai yangu ndiyo kwanza yanatoa maua. Utahamishaje mpapai?”

“Na huku juu kuna upepo,” alisema mshona viatu kwa unyenyekevu. “Unisamehe mama, lakini huku juu kuna upepo.”

Upepo ulikuwepo, hata wakati anasema. Na maji hayakuwa sababu tena, maana siku hizi kila kitalu kina bomba lake. Tangi la kileleni lilikwisha kuoza na kuuzwa chuma chakavu, na tangu hapo kukaa juu hakukuwa na faida yoyote zaidi ya jina. Mtu aliyekilisha kitalu chake samadi na mboji, akakipalilia mpaka udongo ukawa mweusi, hana sababu ya kukiacha akaanze upya hatua moja juu, mahali ambapo nyanya zinalazwa na upepo. Wote walilijua hilo. Aliyekuwa halijui ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akiwasalimu akiangalia chini.

“Kwa hiyo hakuna anayekitaka,” alisema mama.

Mwenyekiti alikohoa. Mwalimu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

Fundi aliwahi kuuona uso ule wa mama mara moja. Ilikuwa siku shule ilipomfanyia mama sherehe ya kumuaga, wakaagiza chakula hotelini ili eti apumzike, na mama akakaa meza kuu akitazama wali wa mtu mwingine. Alijua kwamba sasa ndio wakati. Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni: umeona, mama, twende nyumbani. Angeyasema, mama angeshuka kimya, na bustani ingekwisha. Alikuwa ameshinda, na bila ya kutoa jasho.

Lakini fundi hafungi mashine kabla hajapima laini yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Fundi aligeukia vitalu vya chini, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele ambayo kilima kile hakikuwa kimeisikia tangu enzi za madumu.

“Nani hapa anataka kuhamia juu?”

Ndoo ilianguka mahali fulani. Mwenyekiti alifumba macho. Kisha kule chini kabisa, kando ya barabara, mtu alisimama na kamba ya kufungia nyanya mkononi.

“Mimi!”

“Umesema wewe?”

“Mimi, dada! Hata sasa hivi!”

“Haiwezekani,” alisema mwenyekiti. “Tunapanda hatua moja moja. Yule ndiye wa mwisho. Hawezi kuwaruka wakubwa zake wote.”

“Wakubwa zake hawa hapa,” alisema Fundi. “Yupi kati yenu anapinga?”

Wakubwa walitazama bahari. Mwalimu ndiye aliyejibu, kwa haraka ya mtu anayeokoa samadi. “Mimi binafsi sina kinyongo.”

“Hata mimi,” alisema mama wa saluni. “Kijana ana nguvu. Upepo hautamsumbua.”

Kijana alikuwa ameshapanda nusu ya kilima mbio, anahema. Mama alimsubiri afike, kisha akachomoa fimbo yake kutoka kwenye matope. Ilitoka kwa mlio.

“Wewe kijana. Unakimbia nini kule chini?”

“Wezi, mama. Sijawahi kula nyanya yangu hata moja iliyoiva.”

“Mbuzi au watu?”

“Mbuzi asubuhi. Watu kutwa nzima.”

“Watu wa namna gani?”

“Wa kila namna. Jana alikuja mmoja kavaa tai. Akapitisha mkono kwenye uzio, akachuma mbili.”

“Na wewe ulikuwepo?”

“Nilikuwepo. Alinisalimia.”

“Alikusalimia,” alirudia mama.

Kuna wapishi wanaojulikana kwa mchuzi. Yeye alijulikana kwa kulinda stoo. Aliilinda sukari ya shule dhidi ya walimu, wasaidizi wake, wakaguzi, na mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa akija na kikombe mfukoni. Tangu astaafu hakuwa na mtu wa kumkatalia kitu. Huku juu hakuna hata apitaye. Kule nyumbani kwa bintiye jokofu halina kufuli, na wajukuu hula wapendavyo.

“Nashuka,” alisema.

“Vizuri,” alisema Fundi. “Nitaita teksi.”

“Teksi ya nini? Nashuka barabarani, kwenye kitalu cha huyu. Tunabadilishana.”

“Mama. Tulikubaliana bustani basi.”

“Ulikubaliana na daktari asiye na ndevu. Mimi nilikubali kuhusu goti. Haya, niambie wewe uliyesoma: goti linakatazwa nini?”

“Vidato.”

“Kule chini kuna vidato?”

Fundi alitafuta tundu kwenye maneno hayo kama anavyotafuta gesi inapovujia, kiungo kwa kiungo. Geti liko kando ya barabara. Kitalu kiko kando ya geti. Teksi inasimama hapo hapo. Alipata tundu moja tu, na ndilo lililokuwa linamnyima usingizi tangu siku ile.

“Na ukianguka tena, unipigie nisikupate?”

Mama alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijibu bila ya ukali.

“Nikianguka kule, mwanangu, nitaokotwa na mwizi wa nyanya kabla wewe hujatoka kwenye hilo jokofu lako.”

Mama wa saluni aligeuka pembeni, mabega yakitikisika. Mshona viatu alisema ni kweli, pale hapakosi mtu.

“Lakini hakuna aliyewahi kushuka,” alisema mwenyekiti. “Tangu bustani ianze, watu wanapanda. Itaonekana kama tumekushusha. Watu watasema.”

“Waseme, wakiwa wamekaa kwenye samadi yao.”

“Basi angalau niitishe kikao.”

“Itisha. Mtanikuta chini.”

Alikwisha kugeuka. Alishuka kinyumenyume, fimbo kwapani, kama mtu anayeshuka kwenye paa, mikono imeshika kidato cha juu na mguu mmoja ukipapasa cha chini. Hakusimama kwenye kitalu cha mtu kukagua chochote. Fundi ilibidi atangulie mbio ili awe chini yake. Kabla hajaondoka alimgeukia kijana, ambaye alikuwa anazunguka mali yake mpya iliyooza kwa furaha isiyoelezeka.

“Usipande kitu,” alimwambia. “Chimba mfereji kwanza, maji yatoke. Subiri pakauke kabisa ndipo utie miche. Na mtu akija hapa na ndoo, mfukuze.”

“Hata mwenyekiti?”

“Anza na mwenyekiti.”

Chini, mama alizunguka kitalu mara moja, fimbo mkononi. Uzio ulikuwa umelegea mahali pawili. Nyanya zilikuwa nzuri, hilo alilikubali kwa kunyamaza. Kisha akafika kwenye mabamia.

“Tazama huyu mtoto. Kayabananisha kama magodoro yake dukani.”

Alipindua ndoo ya kijana, akaikalia, goti bovu akalinyoosha pembeni, akaanza kung’oa mche mmoja katika kila miwili na kuutupa njiani. Aling’oa kwa mikono yote miwili, haraka, kama mtu anayechambua mchele na watoto wameshapanga foleni. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita barabarani alipunguza mwendo karibu na uzio. Mama aliinua kichwa. Mwanamume akaongeza mwendo.

Fundi alikuwa amesimama, mikono kiunoni, hajui kama ameshinda au ameshindwa.

“Unasimama kama nguzo kwa nini?” alisema mama bila ya kumtazama. “Jembe langu liko juu, na reki. Na kamba zangu, asije yule kijana akadhani ni zake.”

Fundi alitazama vidato. Alitazama saa. Kiwandani walikuwa wanamsubiri, kuna kompresa iliyogoma tangu jana na tani za samaki zisizopenda kungoja. Alipiga simu, akasema atachelewa, hapana, si mgonjwa, ana kazi nyingine. Kisha akakunja suruali na kupanda kulifuata jembe.